Juu Mwiko, Chini Mwiba

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na vyungu, mikeka na majirani wa kugombana nao, palikuwa na ziwa moja likiitwa Nyambili. Msiniulize liko wapi. Mkiniulizauliza nitapotea njia, na njia ya leo ina tope.

Ziwa hilo lilikuwa na mkono mmoja mwembamba ulioingia nchi kavu, na mkono huo uliitwa Kitotoni. Huko mwisho wake, ndani ya matete, ndiko samaki walikokwenda kutaga. Sato, ningu, kambare, kila mwenye mayai alielekea Kitotoni masika yalipoanza.

Desturi ya Nyambili ilikuwa hivi. Mvua ya kwanza ikishanyesha, Kitotoni hapavuliwi, hapaogewi, hapachotwi hata maji ya kunawa, mpaka vitoto vya samaki vitoke vyenyewe kuja ziwani. Huo ulikuwa mwiko. Aliyeutangaza kila mwaka ni Bibi Korongo. Alisimama kwa mguu mmoja pale mlangoni mwa Kitotoni, akagonga mdomo wake: ko, ko, ko. "Pamefungwa, jamani. Mwiko."

Wote walitii, hata Mamba. Yeye hakutii kwa kupenda. Alimwogopa yule bibi, maana alikuwa na mdomo mrefu na maneno marefu kuuzidi.

Basi Bibi Korongo akafariki. Alifariki kiangazi, na masika yakaingia bila mtu wa kugonga mdomo.

Sasa, kando ya Kitotoni alikaa Nguchiro. Nguchiro mnamjua? Kanyama kadogo, karefu ka mwili, kafupi ka miguu, macho hayatulii. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto, na kitindamimba wake aliitwa Nyamizi, kwa hiyo majirani walimwita Mama Nyamizi. Hakuzaliwa Nyambili. Alitoka ziwa la nyuma ya mlima, ambako wenyeji walikokota kokoro kwenye mazalia ya samaki, masika moja tu. Kokoro ni wavu mrefu wenye matundu madogo. Unaburutwa chini kabisa, unakomba mama, mtoto na yai. Masika yaliyofuata, ziwa lile lilikuwa na maji, na ndani ya maji palikuwa na maji. Watu wakafunga virago. Nguchiro alivuka mlima na wanawe wote, na mmoja wao hakufika. Hilo hapendi kulisema, na ninyi msimuulize.

Kwa hiyo mvua ya kwanza ilipopiga Nyambili, tifu tifu juu ya majani, na hakuna aliyegonga ko ko ko, Nguchiro alitoka nje kwenye mvua. Alikwenda mlangoni mwa Kitotoni, akarudi. Akaenda tena, akarudi tena.

"Mama, unatafuta nini?" Nyamizi akamuuliza.

"Sitafuti kitu, mwanangu. Kula."

Haikupita siku nyingi, mwenyekiti wa ziwa akaitisha baraza. Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Mnene, mpole akishiba, na akishasema neno halirudi nyuma hata neno lenyewe liwe la kipuuzi. Kiboko alikuwa anamwoza binti yake, na wageni wa harusi walikuwa wanakuja kutoka mito yote ya mbali. Aliyejitolea kuwalisha wageni hao alikuwa Mamba. Aliyemshauri Mamba ajitolee alikuwa Fisi, kwa sababu Fisi hakuwahi kuona karamu akaipa kisogo.

Nisikilizeni vizuri hapa. Kiboko hali samaki, anakula majani. Na hatari ilikuwa papo hapo, kwa kuwa asiyekula kitu haoni kikipungua.

Mamba akasimama barazani, akajikohoza. "Mwenyekiti, wageni wako ni wengi na samaki wa ziwani wamejificha. Walio wengi wako Kitotoni. Nina kokoro jipya. Tukilipitisha mara moja tu, harusi itasimuliwa mpaka wajukuu."

Minong'ono ikapita. Bibi Kobe, mzee kuliko wote, akanyoosha shingo. "Kitotoni kuna mwiko, baba."

"Mwiko," Mamba akasema polepole. "Uko wapi huo mwiko? Nani ameuona? Miaka yote tunaambiwa mwiko, mwiko. Mwenye nao alikuwa marehemu Korongo, Mungu amrehemu, na nadhani amezikwa nao. Au kuna mtu ameachiwa?"

Nyambili nzima ikatazama chini.

Kiboko akawaza. Mnajua kiboko akiwaza anafanyaje? Anafumba macho, masikio yanazunguka. Akafumbua. "Mamba amenena haki. Mimi siwezi kuongoza ziwa kwa kitu nisichokiona. Kama mwiko upo, uonekane. Ukiletwa hapa mbele yangu nikauona kwa macho yangu, nitauheshimu. Usipoonekana, baada ya soko lijalo kokoro linaingia."

"Upo," sauti ndogo ikasema.

Wote wakageuka. Ilikuwa ya Nguchiro. Hata yeye aligeuka, akatafuta nani kasema. Ulimi hauna mfupa, wanangu, ukiteleza haushikiki.

"Upo, Mama Nyamizi?" Kiboko akauliza.

"Upo, mwenyekiti. Nitauleta."

Fisi akacheka hiii, hiii, hiii, akimwegemea Mamba. "Mgeni wa juzi ndiye amerithi mwiko wetu. Haya, tuuone."

Njiani kurudi nyumbani, Mama Bata alimkimbilia kwa miguu yake mipana, papatu papatu. "Shoga yangu, umesema nini pale? Mwiko unaushika wapi? Una mkia? Una masikio?"

"Sijui," Nguchiro akajibu.

"Hujui."

"Sijui, Mama Bata. Niliona yale matete, nikaona mayai, nikaona njia ya mlimani tuliyopita na wanangu. Mdomo ukafunguka wenyewe."

Waliachana kwenye njia panda kila mmoja na hofu yake.

Siku zile Nguchiro hakula vizuri, hakulala vizuri, na watoto wakila polepole aliwagombeza, wakila haraka aliwagombeza. Kila alipochungulia Kitotoni aliona maji ya rangi ya chai ya maziwa, na chini yake, alijua, mayai yalikuwa yamelala kwenye mashina ya matete yakisubiri. Yalihitaji muda tu, na muda wenyewe haukuwepo.

Siku ya soko ikafika, asubuhi. Nguchiro alikuwa jikoni, ameinjika maji, yanatokota. Alitia unga, mkono ukapapasa ukutani, haukukuta kitu. Unga ukaanza kufanya mabonge.

"Nyamizi! Mwiko uko wapi?"

"Huu hapa, mama, nilikuwa nauchezea."

Nguchiro akaupokea. Akautumbukiza kwenye chungu, akasonga mara moja, kisha mkono ukasimama. Akautoa, unadondosha uji. Akautazama mbele, akautazama nyuma.

"Mama, ugali unaungua."

"Wacha uungue," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze alitabasamu. "Nyamizi, kitu hiki kinaitwaje?"

"Si mwiko, mama?"

"Nani mwingine anakiita hivyo?"

"Kila mtu."

Naona mmeanza kucheka. Chekeni, lakini mwenzenu alikuwa anatetemeka. Alikuwa na kipande cha mti kilichoungua upande mmoja, na kwa kipande hicho alikwenda kumkabili Mamba.

Barazani aliufungua kutoka kwenye khanga, taratibu, akauinua juu kwa mikono miwili. "Mwenyekiti, ulisema mwiko uonekane. Huu hapa."

Kicheko kilicholipuka hapo, hata ndege wa upande wa pili wa ziwa waliruka. Mamba alicheka mpaka meno yote yakahesabika. "Huo ni wa kusongea ugali!"

"Sikuuliza ni wa kufanyia nini," Nguchiro akasema. "Namuuliza mwenyekiti. Mwenyekiti, kitu hiki jina lake nani?"

Kiboko akafumba macho. Masikio yakazunguka. "Mwiko," akasema.

"Na umeuona?"

"Nimeuona."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu." Kiboko akapumua, fuuu. "Mamba, nimefungwa. Nilisema ukionekana nitauheshimu, nami neno langu halirudi."

Kicheko kikafa. Mamba akamtazama Fisi, na Fisi, ambaye hakuwa mjinga, hakuchelewa. "Sawa kabisa, mwenyekiti. Mwiko uheshimiwe. Ila mwiko hulinda pale ulipo, si kweli? Sumu ya nyoka iko kwenye jino, haiko kichakani kote. Auweke huo mwiko wake Kitotoni, nasi tutapita pembeni yake."

"Kweli," Kiboko akasema. "Mwiko utalinda pale ulipo. Kokoro litapita pale usipokuwepo. Nimemaliza."

Na Kitotoni, hata kama ni mwembamba, mlango wake ni mpana kuliko mwiko mmoja mara nyingi sana. Nguchiro alirudi nyumbani akiwa ameshinda na ameshindwa papo hapo.

Hapakuwa na muda wa kukaa. Alikwenda kwa Bibi Kobe kwanza. "Bibi, naomba mwiko wako."

Bibi Kobe akauficha nyuma ya gamba. Ulikuwa mwiko mrefu wa shughuli, ule wa kusongea ugali wa msiba na wa harusi. "Huu alinichongea mume wangu. Nikikupa, nitasongea nini?"

"Utakuja kusongea kwangu. Tutaacha mmoja tu, tutazungushiana nyumba kwa nyumba."

"Na wakiuvunja?"

"Desturi unaijua kuliko mimi, bibi. Anayevunja mwiko wa jirani anafanyaje?"

"Anamsongea ugali huyo jirani mpaka mwiko mpya uchongwe na ukauke." Bibi Kobe akamtazama kwa jicho moja. "Mtoto wewe una akili mbaya." Akautoa mwiko.

Mama Bata akatoa wake. Kutoka hapo habari ikatembea yenyewe. Wengine walitoa kwa moyo, wengine kwa kununa, na wawili watatu walimwambia kuwa mgeni asiwafundishe ziwa lao. Hao hakubishana nao. Aliwaambia ziwa lake la zamani lilivyokuwa, kwa kifupi, na mtoto wake hakumtaja. Nao wakatoa.

Wakasokota kamba ya katani, wakaivuta kutoka mti wa ukingo huu mpaka mti wa ukingo ule, juu kidogo ya maji. Miiko yote ikaning'inizwa juu yake, mikubwa kwa midogo, mlango mzima wa Kitotoni. Upepo ukija inagongana: koto koto, koto koto.

Jioni zile Nyambili ilipika kwa mwiko mmoja. Nyumba ya kwanza ilikula mapema mno, ya mwisho ilikula watoto wamekwishalala. Njaa ikaleta maneno. "Kamba yenyewe ipo juu," mmoja alinung'unika. "Wavu unapita chini. Huyu anatuchezesha."

Nguchiro aliyasikia. Na hilo, wanangu, ndilo alilokuwa analiwaza tangu baraza. Mamba hakuwepo kuchungulia. Alikuwa ng'ambo anashonesha vipande vya chuma kwenye kokoro lake ili lizame vizuri. Basi asubuhi Nguchiro, Mama Bata na Bibi Kobe wakapita na mizigo kichwani, kama watokao kuni. Ndani ya kuni mlikuwa na fito, na ndani ya fito mlikuwa na matawi ya mgunga yenye miiba mirefu kama vidole vya mtoto. Bata akapiga mbizi, chubwi. Kobe akapiga mbizi, chubwi. Wakapigilia fito kwenye tope chini ya kamba, wakafunga miiba, na maji ya matope yakafunika kila kitu.

"Juu mwiko, chini mwiba," Bibi Kobe akasema, akijikung'uta.

"Sasa watakubali kupita hapa?" Mama Bata akauliza. "Wakiamua kuzunguka nchi kavu na kuingilia matete?"

Nguchiro akageukia matete. Kule kwenye matete hakukuwa na mwiko wala mwiba. Akaondoka, akaenda moja kwa moja hadi chini ya mwamba ambako Fisi hupenda kulala mchana. Hakumwangalia. Alikaa upande wa pili wa mwamba, akaanza kulia.

Kulia kwenyewe hakukuwa kazi. Alianza kwa hila, machozi yakaja ya kweli. "Ole wangu mimi," akasema peke yake. "Nimefunga miiko juu, chini nimeacha wazi. Mwenyekiti kasema mwiko unalinda pale ulipo. Wakijua kwamba wavu unapita chini ya kamba, wanangu wamekwisha. Afadhali wangezunguka kwenye matete, huko tope lingewameza. Ila chini ya kamba, laini, wazi, Mungu wangu wasijue."

Sikio la Fisi likainuka upande wa pili wa mwamba. Kisha miguu ikasikika, kwata kwata kwata, ikielekea ng'ambo.

Nguchiro akafuta macho. Hakufurahi. Alikuwa amempa adui ramani, na fito zisiposhika, ni yeye atakayekuwa ameliuza ziwa.

Siku ya kokoro ikafika. Nyambili nzima ilijaa kingoni. Kiboko alishika kamba ya wavu kwenye ukingo wa huku, Mamba na wanawe wakashika ya ukingo wa kule. Fisi alikaa juu ya kichuguu kuelekeza.

"Mwenyekiti," Fisi akasema kwa adabu, "uone mwenyewe. Miiko ipo juu. Sisi tunapita chini. Mwiko wa mtu hatuugusi."

Kiboko akatazama kamba, akatazama maji. "Ni kweli. Vuteni."

Kokoro likasogea. Likaukaribia mlango. Nguchiro alimshika Nyamizi mkono mpaka mtoto akasema anaumia. Wavu ukaingia chini ya kamba, na ukapita. Kidogo, ukapita. Tena kidogo, ukapita. Maboya yake yalivuka upande wa pili, na Mama Bata akafunika macho kwa bawa.

Kisha likakwama.

"Vuta," Fisi akasema.

Wakavuta. Maji yakachemka tope. Miiko juu ikatikisika, koto koto koto.

"Ni kisiki tu. Vuta, mwenyekiti, wewe ni Kiboko au ni kifaranga?"

Kiboko hakupenda neno hilo. Akazungusha kamba kiunoni, akakita miguu, akavuta kwa uzito wake wote. Fito moja ikasikika ikivunjika chini ya maji, kwaa. Ya pili, kwaa. Halafu ikaja sauti nyingine, ndefu: parrrrr. Haikuwa fito. Kokoro lilipasuka katikati toka juu mpaka chini, na Kiboko, aliyekuwa amelala nyuma kwa nguvu, akaanguka chali juu ya kichuguu. Fisi alikuwa bado yupo pale. Alilia hiii, na safari hii hakuwa anacheka.

Kiboko akainuka na hasira. "Nani ameweka kitu humu?" Akajitupa majini mlangoni, chubwiii, akapapasa kwa tumbo. Mdharau mwiba mguu huota tende, wahenga walisema, nao hawakutaja tumbo. Miiba ikamwingia. Kiboko akaruka juu, kichwa kikapenya kwenye kamba ya katani. Akageuka, kamba ikamzunguka shingo. Akageuka tena, ikamzunguka mgongo. Miiko yote ya Nyambili ikamwangukia, naye akikanyaga huku anakanyaga kule, kwaa, kwaa, kwaa.

Alipotulia, vipande vilikuwa vinaelea kila mahali.

Bibi Kobe akasogea mpaka majini, shingo nje kabisa. "Mwenyekiti," akasema, "umevunja mwiko wangu."

"Na wangu," akasema Mama Bata.

"Na wangu." "Na wetu." Ikaenda hivyo ukingo mzima.

Kiboko akatazama vile vipande. Desturi aliijua, na neno lake halikuwahi kurudi nyuma. "Nimevunja," akasema kwa sauti ndogo. "Nitasonga."

Basi akasonga. Mnamwona? Kiboko mzima amechutama jikoni, jasho linamtiririka, unga hadi kwenye kope, anasonga kwa ule mwiko mmoja uliobaki. Nyumba hii akitoka, anaingia ile. Watoto walimzunguka. "Una mabonge, baba mwenyekiti." "Bado mbichi, baba mwenyekiti." Harusi ya binti yake ikaliwa kwa maboga na mihogo, na wageni wakashiba, na hakuna aliyekufa.

Zamu ikafika kwa Nguchiro. Kiboko akasonga, akapakua, akakaa pembeni akihema. Watoto wakamega tonge. Wakalichovya kwenye chumvi, wakala.

Kiboko akawatazama. "Mboga yao iko wapi?"

"Iko Kitotoni, mwenyekiti," Nguchiro akasema. "Bado haina magamba."

Kwa nyumba zote alizozipita, ilikuwa ni tonge na chumvi, na yeye alidhani ndivyo walavyo. Sasa alielewa kwamba walikuwa wanasubiri.

Kabla hajaondoka, Mama Bata akaingia mbio, papatu papatu, pumzi imemwishia. "Mama Nyamizi, Mamba ameshona kokoro. Yuko mlangoni. Anasema miiko ya mlangoni imevunjika yote, fito zimeng'oka, na mwenyekiti mwenyewe alihukumu kuwa mwiko usioonekana haupo."

Ilikuwa kweli. Hila yake ilikuwa imetumika ikaisha, na mayai yalikuwa bado hayajaanguliwa. Akakurupuka nje, akakimbia jinsi mjane anavyokimbia wanawe wakiwa hatarini, hakuwa na wazo lolote kichwani, hakuwa hata na kijiti mkononi.

Alipofika, Mamba alikuwa anatandaza wavu. "Karibu, mgeni," akasema. "Leo una hila gani?"

"Sina," Nguchiro akasema. Na kweli hakuwa nayo. Akaingia majini mpaka shingoni, akasimama pale mlangoni, kadogo.

"Toka, nisije nikakumeza kwa bahati mbaya."

"Sitoki."

Ardhi ikatikisika nyuma yake, du, du, du. Kiboko aliteremka ukingoni, unga bado umemganda mikononi. Aliingia polepole, akampita Nguchiro kwa uangalifu, akajilaza mlangoni mwa Kitotoni, ukingo hadi ukingo, akauziba wote.

"Mwenyekiti," Mamba akasema, "uliamua mwenyewe. Mwiko uonekane. Haya, nionyeshe. Mwiko uko wapi?"

Kiboko akafungua kinywa chake chote, na ninyi mnajua kinywa hicho kilivyo.

"Unautazama," akasema.

Mamba akautazama. Akautazama sana. Kisha akaanza kukunja kokoro lake, tundu kwa tundu, na Fisi alikuwa ameshatoweka zamani.

Kiboko alilala pale mpaka siku ambayo maji yalimtekenya mbavuni, na alipoinamisha kichwa akaona vitoto vya samaki, vyembamba kama kope, vikipita chini ya tumbo lake kwenda ziwani, vingi mno hata havina hesabu. Nguchiro alikuwa ukingoni na wanawe. Alikaa chini akalia, na safari hii hakuna aliyekuwa anasikiliza nyuma ya mwamba.

Mie nimesonga, nimepakua, mkono wa kumega ni wenu, ila mkimega kumbukeni: mwiko usio na mtu wa kuulinda ni mti wa kusongea ugali tu.